Jeni Isiyojenga Kitu, na Hofu ya Saratani ya Ini



Juma hili nimepokea barua ndefu kutoka kwa bibi mmoja akaaye na mumewe katika kota za kambi. Mumewe ni koplo mwenye umri wa miaka 34. Alipokwenda pamoja na wenzake kutoa damu, aliarifiwa kwamba damu yake haifai kupewa mgonjwa kwa kuwa imo na virusi vya homa ya ini aina ya B. Mwenyewe hajisikii mgonjwa hata kidogo. Hukimbia asubuhi kama wenziwe na chakula chake hula chote. Siku chache baadaye akapita mlangoni mtu mmoja auzaye dawa za chupa, naye akamweleza bibi huyo kwamba wataalamu wa ng'ambo wamegundua jeni ya saratani ya ini, kwamba koplo bila shaka anayo, kwamba watoto wao watatu wamekwisha kuirithi, na kwamba yeye yu tayari kuwapima damu wote watano kwa fedha kidogo na kuwauzia dawa ya kuiosha jeni hiyo itoke.

Bibi anauliza mambo mawili. Je, ni kweli kwamba jeni hiyo iko? Na je, ni kweli kwamba watoto wameirithi?

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, jeni iko. Jibu la swali la pili pia ni ndiyo, watoto wanayo. Lakini bibi asishtuke, maana hata mimi niandikaye ninayo, Bwana Mhariri anayo, na huyo muuza chupa anayo vilevile. Kila binadamu huzaliwa nayo, kama azaliwavyo na ini lenyewe. Neno la kuuliza, basi, si nani anayo na nani hana. Neno la kuuliza ni nani aiamshaye.

Jeni yenyewe hutajwa kwa herufi nne, HULC, zilizofupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya kitu kilichopanda sana katika saratani ya ini. Ili tuielewe, natuingie kwanza katika ofisi yoyote ya serikali, kwa sababu mwili wa binadamu huendesha kazi zake karibu kwa namna hiyo hiyo.

Katika ofisi iko masjala. Ndani ya masjala yamo mafaili ya asili, na hayo hayaruhusiwi kutoka nje. Fundi wa karakana akitaka maagizo ya kutengeneza meza, karani hafungui kabati na kumkabidhi faili; hunakili ukurasa mmoja unaohusika, akampa tarishi, naye tarishi akaupeleka karakana. Meza ikisha kutengenezwa, nakala huchanwa. Katika kila chembe ya mwili wetu, ambayo wataalamu huiita seli, mna masjala ya namna hiyo. Faili la asili ndilo DNA, lenye herufi zipatazo 3,000,000,000. Nakala inayochukuliwa na tarishi ndiyo RNA. Meza zinazotengenezwa ndizo protini, yaani vitu vya kujengea na kuendeshea mwili: nyama za misuli, rangi ya damu, na vimeng'enya vinavyoyeyusha chakula.

Sasa liko jambo lililowashangaza wataalamu kwa miaka mingi. Kurasa zenye maagizo ya kujenga protini ni za jeni kama 20,000 tu, na zikikusanywa pamoja hazifiki sehemu 2 katika 100 za faili zima. Kurasa nyingine zote zilikuwa za nini? Wako waliosema kuwa ni takataka zilizosahauliwa kabatini. Baadaye ikaonekana kwamba kurasa nyingi katika hizo zilizodharauliwa hunakiliwa pia, na nakala zake hutoka masjala, lakini zikifika karakana hakuna meza inayotengenezwa. Nakala za namna hii zenye herufi zaidi ya 200 zimepewa jina la RNA ndefu zisizojenga protini.

Mtu aliyewahi kufanya kazi ofisini hawezi kustaajabu sana. Si kila karatasi itokayo masjala huagiza meza. Nyingine husema kazi fulani isimamishwe. Nyingine humwita mtu kutoka idara moja kwenda nyingine. Nyingine hazina neno ila huzuia mlango usifungwe. Karatasi hizo hazijengi kitu, wala huwezi kuzikalia, lakini ofisi nzima yaweza kuharibika kwa ajili ya mojawapo.

HULC ni karatasi ya namna hiyo. Iligunduliwa na watafiti wa mji wa Graz, nchini Austria, ambao walitangaza habari zake mwaka 2007. Walichokifanya, kwa maneno mepesi, ni kusikiliza jeni zinazosema katika uvimbe wa saratani ya ini, na kuzilinganisha na zile zinazosema katika ini lisilo na saratani. Moja ilikuwa ikipiga kelele kuliko nyingine. Walipoisoma wakakuta nakala yake ni fupi, yapata herufi 500, na kwamba ukurasa wake umo katika kromosomu ya 6. Walitafuta protini inayojengwa nayo wasiione. Nakala hizo hazikubaki masjalani. Zilikutwa nje, mle mle karakana, zimeshikamana na mashine za kujengea protini. Kisha walipoinyamazisha kwa ustadi katika seli za saratani zilizofugwa maabarani, jeni nyingine kadha zikabadili mwenendo wake. Kwa hiyo HULC haikuwa kelele bure. Ilikuwa na watu wa kuiitika.

Liko na jambo jingine, nalo ndilo lililompa muuza chupa maneno yake. Watafiti hao waliziona nakala za HULC katika damu ya wagonjwa wa saratani ya ini. Ini ni kiungo kikimya sana. Uvimbe waweza kukua ndani yake pasipo mtu kusikia maumivu, na aghalabu mgonjwa hufika hospitali baada ya tumbo kujaa maji, macho kuwa ya manjano, na mwili kukonda, wakati ambapo daktari hana mengi ya kufanya. Katika mwaka 2022 peke yake watu zaidi ya 860,000 duniani walipatikana na saratani ya ini, na zaidi ya 750,000 wakafa kwa ugonjwa huo. Hesabu hizo mbili zilivyokaribiana zaonyesha ugonjwa huu unavyochelewa kugunduliwa. Basi kitu chochote kitokacho ndani ya ini kikaja kupiga hodi katika damu, ni lazima wataalamu wakikimbilie.

Je, karatasi isiyojenga kitu huwezaje kudhuru? Mwaka 2010 watafiti wa China walieleza njia mojawapo, nayo napenda tuitazame kwa makini, kwa sababu inaonyesha hila kubwa. Katika karakana ya seli wamo wakaguzi wadogo sana. Hao nao ni RNA, lakini fupi mno, na kazi yao ni kuzichana nakala zilizozidi ili vitu visitengenezwe kupita kiasi. Mmoja wa wakaguzi hao amepewa namba 372. HULC humkamata mkaguzi huyo na kumshika mikono. Akisha kushikwa, nakala alizopaswa kuzichana hupita, na protini fulani ikatengenezwa kwa wingi. Protini hiyo humwamsha msimamizi aitwaye CREB. Na CREB akiamka huenda wapi? Hurudi masjala, akasimama juu ya ukurasa wa HULC, akaamuru unakiliwe zaidi. Kadiri nakala zinavyotoka, ndivyo wakaguzi wanavyoshikwa. Kadiri wakaguzi wanavyoshikwa, ndivyo amri ya kunakili inavyokazwa. Ni mzunguko usiokuwa na mtu wa kuufunga.

Hadi hapo tumeona jinsi kelele inavyojikuza, lakini hatujamtaja anayeianzisha. Anayeweza kuianzisha si mmoja, ila mmoja wao ni yule yule aliyekutwa katika damu ya koplo. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba seli za maabara zinazotoa virusi vya homa ya ini ya B zina HULC nyingi kuliko zisizo navyo. Mwaka 2012 watafiti wengine wa China wakaonyesha mkono wenyewe unaofanya kazi hiyo: virusi hivyo vina protini yao ndogo iitwayo X, nayo humtumia huyo huyo CREB kuiwasha HULC. HULC ikisha kuwaka hupunguza nguvu za jeni moja iliyo kama breki, inayozuia seli zisigawanyike ovyo. Gari lililoondolewa breki halihitaji kusukumwa sana.

Sasa twaweza kumjibu bibi kwa ukamilifu. Watoto wake wamerithi HULC kwa baba na kwa mama, kama walivyorithi jeni nyingine zote, na ndani ya ini lisilougua jeni hiyo husema kwa sauti ndogo sana, isimdhuru mtu. Ni kweli kwamba watu hawafanani kabisa katika herufi zao. Uchunguzi mmoja wa China, mwaka 2012, ulilinganisha watu wenye virusi vya B walio na saratani na wenye virusi hivyo wasio na saratani, ukakuta kwamba badiliko la herufi moja katika jeni ya HULC liliambatana na kupungua kidogo kwa hatari. Kidogo, nasema; si jambo la kumfanya mtu alale usingizi, wala asiye nalo akeshe. Kinachowakabili watoto wa koplo si jeni. Ni virusi. Na virusi, tofauti na jeni, vina mlango wa kuingilia, na mlango huo hufungwa.

Hufungwa kwa sindano ya chanjo. Katika Uganda chanjo ya homa ya ini ya B iliingizwa katika sindano za watoto wachanga mwaka 2002, nayo hutolewa mtoto akiwa na majuma 6, majuma 10, na majuma 14. Shirika la Afya Duniani hushauri pia sindano ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, hasa pale mama anapokuwa na virusi. Haraka hiyo ina sababu yake. Mtu mzima akiambukizwa, mwili wake mara nyingi hupigana na kuvifukuza virusi. Hawafiki 5 katika 100 wanaobaki navyo. Lakini mtoto mchanga akiambukizwa, karibu 90 katika kila 100 hubaki navyo maisha yao, na virusi hivyo huliguguna ini polepole miaka 20, 30, hata 40. Yamkini koplo hakuvipata kambini wala safarini, kama jirani wanavyopenda kunong'ona. Yeye alizaliwa kabla ya 2002, na kwa jinsi ugonjwa huu unavyoenea katika Afrika, huenda alivipata angali mtoto, kwa mama yake au kwa watoto wenziwe. Nayasema haya kwa sababu kurasa mbili nzima za barua ya bibi zilihusu jambo hilo, na nyumba imekwisha kukosa amani.

Kwamba chanjo huzuia hata saratani, si maneno ya matumaini matupu. Kisiwa cha Taiwan kilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984. Katika miaka ya 1981 hadi 1986 saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa 0.70 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka. Kufikia miaka ya 1990 hadi 1994 ilikuwa imeshuka hadi 0.36. Ni nusu, na hao walikuwa watoto tu, ambao saratani hii huwapata kwa nadra.

Virusi vina mwenzi wao nyumbani, nami siwezi kumpita bila kumtaja, ijapokuwa anastahili ukurasa wake mwenyewe. Ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota juu ya karanga na mahindi yaliyowekwa na unyevu. Kati ya mwaka 1966 na 1967 watafiti walikusanya sampuli 480 za vyakula vilivyowekwa akiba sehemu mbalimbali za Uganda, na matokeo yakachapishwa mwaka 1971: karibu sampuli 3 katika kila 10 zilikuwa na sumu hiyo, na Karamoja, ambako ilionekana sana, ndiko pia saratani ya ini ilikokuwa nyingi. Sumukuvu huandika makosa ndani ya faili la asili lenyewe. Mtu mwenye virusi vya B akila sumu hii siku zote, hatari hizo mbili hazijumlishwi, huzidishana. Kwa hiyo karanga zilizobadilika rangi au kusinyaa zitupwe, wala zisisagwe zikafichwa katika mchuzi, maana kupika kwa kawaida hakuiondoi sumu hiyo. Pombe kali nayo huongeza mzigo juu ya ini lililokwisha kuumizwa. Hilo askari wanalijua, nami sitalihubiri.

Turudi kwa muuza chupa na kipimo chake. Kuipima HULC katika damu kwahitaji mashine ya kuzidisha nakala za jeni, vyombo safi vya maabara, na damu iliyohifadhiwa kwa uangalifu, kwa kuwa RNA ni kitu chepesi kuharibika. Hakipimwi kwa kijiti kitolewacho mfukoni. Zaidi ya hayo, hata katika hospitali kubwa za ulimwengu HULC haijawa kipimo cha kawaida cha kumwambia mgonjwa una saratani au huna. Chunguzi nyingi zilizofanywa juu ya damu zilikuwa za wagonjwa wachache, na maabara moja hupima kwa namna yake na nyingine kwa namna yake. Tena sauti hiyo si ya saratani ya ini peke yake: ule uchunguzi wa mwaka 2009 uliikuta pia katika saratani ya utumbo mpana iliyokuwa imesambaa mpaka ini. Anayesikia hodi bado hajui ni nani aliye mlangoni. Wataalamu wanaendelea, na huenda siku moja HULC ikawekwa pamoja na vipimo vingine ikasaidia. Dawa ya kuinyamazisha nayo ni kazi ya maabara mpaka leo, haijamfikia mgonjwa kitandani. Ama dawa ya kuiosha jeni itoke mwilini, huo ni wizi. Jeni imo katika kila seli yenye kiini, kutoka unyayoni mpaka utosini; atakayeiosha itoke itambidi amwoshe mtu mwenyewe asibaki.

Kilichopo ni hiki. Koplo aende hospitali ya kambi au ya wilaya akapimwe wingi wa virusi na hali ya ini lake. Si kila mwenye virusi hupewa dawa mara moja. Daktari ndiye apimaye. Wanaostahili hupewa vidonge vya kumeza kila siku, kama vile tenofovir, ambavyo havivitoi virusi kabisa lakini huvibana visizaane, na kuibana hivyo hupunguza hatari ya saratani. Asiache vidonge mwenyewe kwa kuwa anajisikia mzima, maana virusi vikifunguliwa ghafula vyaweza kulishambulia ini kwa ukali. Ikiwa daktari ataona yumo katika hatari kubwa, atatakiwa kupigwa picha ya ini kwa mawimbi ya sauti, ile inayopigwa kwa akina mama waja wazito, kila baada ya miezi 6, na pengine kupimwa damu kwa kipimo cha zamani kiitwacho AFP. Kipimo hicho nacho si kamili, kwa kuwa kuna uvimbe usiokitia kupanda, lakini pamoja na picha chasaidia kuukuta uvimbe ungali mdogo, wakati ambapo waweza kukatwa.

Bibi mwenyewe na watoto wote watatu wapimwe virusi, si jeni. Asiye navyo na asiyewahi kuchanjwa, achanjwe sindano zote tatu, asiishie ya kwanza. Mwenye navyo chanjo haimsaidii tena, naye aingie katika uangalizi kama baba. Sahani, vikombe na meza ya chakula wasitengane. Homa ya ini ya B haiambukizwi kwa ugali wala kwa kushikana mikono. Nyembe, miswaki na mashine ya kunyolea ndizo zitengwe, na kinyozi wa kambini aambiwe abadili wembe kwa kila kichwa. Mume na mke watumie mpira mpaka mke awe amemaliza chanjo na daktari amethibitisha kwamba imeshika.

Jambo moja zaidi, ambalo katika nyumba za askari na polisi huleta shida kuliko zingine: uhamisho. Miezi 6 ni muda wa kutosha kwa mtu kuwa amehamishwa kutoka Mbarara hadi Moroto, na daktari wa kule hana faili lake. Kabla ya kufunga mizigo, koplo aombe barua ya daktari yenye tarehe ya picha ya mwisho, matokeo ya damu na jina la vidonge anavyomeza, na apewe vidonge vya kumfikisha mpaka kituo kipya pamoja na akiba ya mwezi mmoja. Kadi za chanjo za watoto ziwekwe katika bahasha hiyo hiyo, naye bibi aibebe mkononi, isitiwe sandukuni.